Sekunde na Nukta Nne

Saa kumi na moja alfajiri taa za karakana zinawaka,
ukungu wa bonde la Po umejaa mlangoni,
haubishi hodi, hauondoki.
Ubaoni Nerio hajafuta namba ya Jumapili:
sekunde moja na nukta nne.
Ndivyo tunavyoachwa, kila mzunguko,
na mizunguko ni hamsini na mitatu.

Sekunde na nukta nne si kitu.
Ni chafya moja na afya ya kuitikia.
Barabarani ni mita tisini,
ni mgongo wa mtu usioufikia hata kwa sauti.

Bertolazzi, mwenye timu, aliuza shamba la mipea
tukaunda bawa jipya la mbele.
Miezi minane lilichorwa, likachongwa, likaokwa tanurini,
na ndani ya handaki la upepo lilisema maneno matamu.
Tukalifunga.
Gari likawa lilelile,
labda na kiburi kidogo zaidi.

Hapo lawama zikaanza kutembea peku:
wa injini alimtazama wa giaboksi,
wa giaboksi alinitazama mimi, mtu wa matairi,
nami nikamtazama Aarno, dereva wetu Mfini,
nikasema moyoni: mguu wake umeingia woga.
Mungu anisamehe.

Aarno alikuwa amesema, mara moja, akivua glavu:
"Kona ya saba, nyuma inaniaga."
Sote tuliandika.
Hakuna aliyesikia.

Ornella wa hesabu za upepo
akaja na kikapu cha bibi yake wa Guastalla,
sufu nyekundu, masalio ya sweta la mtoto.
Akakata nyuzi urefu wa kidole cha shahada,
akazibandika chini ya ubavu wa gari, moja moja,
mia mbili na kumi na mbili.
Ivano akauliza kama gari limebalehe, linaota ndevu.
Tulicheka mno,
kicheko cha watu waliokwisha kata tamaa.

Kwenye uwanja wa ndege uliokufa, nyasi zikitoboa lami,
Aarno alipita mara nne, kamera tumboni mwa gari.
Usiku tukatazama picha polepole.
Nyuzi zote zimelala, zimeelekea nyuma,
ila kumi na tisa, karibu na tairi la kulia:
hizo zilisimama, zikageuka,
zikatazama zilikotoka.

Upepo haukuwa umesoma ripoti zetu.
Uliingia, ukakwama, ukarudi,
kwa kuwa sakafu ilipinda, unene wa ukucha,
kwa kuwa kishikizo kimoja cha euro sita kilichoka,
na bawa lile, bawa la mipea,
lilikuwa likiupeleka palepale pabovu.

Nani amwambie mzee?
Ornella alimwambia, amesimama, mikono nyuma.
Bertolazzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa,
akaivua tena.
"Litoeni."
Kulitoa kulichukua dakika kumi na mbili.

Husemwa haba na haba hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kwamba haba na haba
ndivyo kibaba hichohicho huvuja.
Usiku ule nikaleta geji yangu mezani,
ile niliyoifichia aibu tangu Machi:
inasoma juu, nikasema, matairi yamekuwa laini kuliko nilivyoandika.
Hakuna aliyenifokea.
Wa giaboksi akakohoa, akaanza na yeye,
"Kuna jambo kuhusu gia ya tatu..."

Jumapili tukamaliza wa kumi na saba.
Hakuna aliyetupiga picha.
Aarno akavua glavu:
"Kona ya saba, nyuma ipo."
Nerio akafuta ubao kwa kiwiko,
akaandika nukta tisa, mwandiko uleule mbaya,
akaenda kunawa.

Ornella ameomba sufu zaidi.
Bibi anauliza kwa simu:
mtoto gani huyo
ambaye sweta lake haliishi?