Mipigo Minne ya Besi

Katuba, Desemba. Umeme umekatika tena,
na Metre Kyungu anapiga tempo kwa kijiko
juu ya kopo la maziwa ya unga.
"Soprano, musikimbie. Mtoto hajazaliwa bado."

Tunacheka. Mama Mujinga anainua simu,
mwanga wake mdogo unatambaa kwenye karatasi
za sol-fa zilizokunjamana kwa jasho la mwaka jana.

Ukurasa wa tatu, besi huingia peke yao:
mipigo minne, chini kabisa,
pale Banza alipokuwa akitikisa benchi
mpaka sisi wa alto tukaisikia noti mapajani.

Banza yuko Kolwezi, shimoni,
anachimba ada ya shule. Tangu Agosti hajapiga simu.
Nani aimbe pale? Teno mmoja anajitolea.
Metre anakataa kwa kijiko:
"Muache wazi. Muhesabu tu."

Basi tunahesabu. Moja. Mbili.
Mvua inaangukia mabati, nzito, haina ufunguo,
tatu,
Ngoie, mkewe, kwenye safu ya soprano
amefumba macho, mdomo umeshafunguka,
nne,

tunaingia wote. Yeye amechelewa.