Barua ya Tano

Barua hii ya tano, Mtendaji wa Mtaa,
Kalamu yaisha wino, kwa Nkwabi kumejaa:
Friji zilong'oka meno, matairi yazagaa,
Mbu wafanya mkutano, ninyi bado mwakataa.

Sisi huku Mabatini, nyumba zapanda miamba;
Juzi mvua ya jioni, mfereji ukavimba,
Friji ikaja jikoni, bila hodi, ikatamba,
Tairi lenda ziwani; Kabula kadhani mamba.

Jana mkaja pamoja, Afisa Afya na gari,
Chuma kimoja kimoja, mkakagua kwa ari.
Likatoka benchi moja: lenu, tena la nambari!
Nami kwenu nikingoja, wima kama msumari.

Holo Lugeye,
nyumba ya chini.
Nakala: Nkwabi.