Kaharabu

Vipande mia mbili vya mbao, kila kimoja na namba yake,
nilivirusha kutoka darajani Daugavpils, mwezi wa nne,
barafu imeshapasuka na mto umenuna,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Mgongoni mwa kila kimoja nilichoma kwa chuma cha moto
namba ya simu na ombi fupi: ukiniona, sema.

Vilivyopata wa kuvisemea ni kumi na saba.
Mvulana wa Jēkabpils alikuta cha 31 kwenye matete,
akauliza kama kuna zawadi.
Mlinzi wa bwawa la umeme aliopoa tisa kwenye vyuma vya mtambo.
Mbao huzuilika.

Cha 88 kilivuka, sijui kwa hila gani,
kikafika ghubani, hata karibu na Kolka,
nyumbani kwa Austra,
kikazuia dirisha la jikoni lisijifunge.

Austra huokota kaharabu. Dhoruba ikilala yeye huamka,
mabuti ya mpira hadi mapajani, taa kichwani,
wavu wa mpini mrefu,
anachuja mwani mweusi unaonuka yai viza.
Kaharabu ni utomvu wa misonobari iliyokufa
kabla hajawapo yeyote wa kuilia.
Yeye huitoboa, huitunga, huiuza Jumamosi sokoni.

Siku niliyokwenda kukiona kipande changu
alinimwagia mezani mavuno ya wiki:
punje thelathini na moja, njano, asali, nyingine kama jino la mvutaji.
“Haya, msomi. Nichambulie.”

Akakoroga chumvi kwenye bilauri.
Jiwe huzama, kioo huzama, kaharabu huelea.
Alifundishwa na mama yake.
Nikacheka, maana maabara yetu,
yenye mashine ghali kuliko nyumba yake,
huanza hivyohivyo: chumvi, subira, kinachoelea.

Zote thelathini na moja zikaelea.

Basi sindano, na moto wa jiko.
Punje ya kwanza ilitoa harufu ya msitu.
Ya pili, msitu.
Ya tatu ilivuta uzi mrefu ikanuka
kama ndoo iliyoachwa juu ya jiko.
Ya nne vilevile. Ya tano.
Tulipozima moto, msitu ulikuwa umetoa punje sita.

Hizo nyingine nazijua. Nimezifuata mwaka mzima,
kutoka ua wa kiwanda ambako malori hupakua,
gunia moja likichanika hakuna anayeinama,
mvua ikazisomba mferejini, mfereji kijitoni, kijito mtoni.
Kila daraja niliteremsha wavu kwa nusu saa.
Tatu. Kumi na moja. Arobaini.
Riga niliacha kuhesabu kwa macho.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa;
hatukuambiwa kibaba ni cha nani.

Na kwenye chujio la Riga, chini ya hadubini,
palikuwa na uzi wa buluu, umejikunja kama alama ya kuuliza.
Nikautazama. Nikatazama mkono wangu.
Sweta lile nililinunua kwa bei ya kutupa,
nimelifua mara ngapi?
Kwenye daftari, safu ya “chanzo”,
kalamu ilisimama hadi wino ukatoa doa.

“Sasa hizi?” Austra akauliza,
ishirini na tano kiganjani.
“Zitupe,” nikasema, kabla sijafikiri.

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.
Akasukuma dirisha, kipande cha 88 kikaanguka sakafuni,
upepo ukaingia na chumvi yake.
Akaitazama bahari, muda.
Akafunga.
“Nizitupe wapi?”

Zimo kwenye chupa ya jemu, juu ya friji.
Zikipata jua la asubuhi hung’aa kuliko zile sita,
na wageni wakija kununua
huuliza bei yake.