Dodoso

Mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma hauombi hodi.
Mimi naomba. Nina kishikwambi, kofia ya mradi,
na maswali tisa ya kuwauliza watu wazima:
katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umejiona mnyonge, umekata tamaa?

Mzee Chilewa, fundi baiskeli, anacheka.
"Mnyonge? Andika tairi."
Anakaza spoku. Kisha, bila kuinua macho:
"Usingizi lakini ulihama. Sijui umepanga wapi."

Jirani yake, Mama Nyemo, anapepeta uwele.
Anasema ni mawazo tu.
Mawazo hayana kisanduku. Napandisha kioo, nashusha, sikioni.
Mawazo ya nini, mama?
"Yangekuwa ya kitu, mwanangu,
ningekipepeta kikatoka."

Mhasibu wa wizara kule Mtumba,
shati limepigwa pasi hadi kwenye mishono,
kila asubuhi hukaa garini nusu saa,
mkono kwenye kitasa, moyo ukimwenda mbio
kama aliyekutana na simba,
na mbele yake ni geti tu
na mlinzi anayemwamkia.
Ananisihi nisiandike jina.
Namwambia fomu haina nafasi ya jina.
Ndipo anapolia.

Mirembe hakuna anayeitaja.
Tulitishiwa nayo utotoni, kama fimbo.
Muuza zabibu mmoja tu ndiye aliyeniambia, "Mimi sijafika huko,"
utadhani ni safari ya siku mbili,
na ukuta wake unaonekana
kutoka hapo alipotandaza zabibu.

Jioni msimamizi anataka namba.
Nampa namba.
Namba haisemi kwamba fundi na Mama Nyemo
wametenganishwa na ukuta wa tofali moja la udongo,
kwamba usiku wa manane wako macho wote wawili,
kila mmoja akibana kikohozi
asije akamwamsha mwenzake,
kila mmoja akiamini mtaa mzima umelala
isipokuwa yeye.

Nami nimeapa. Nilitia saini:
habari za huyu zisimfikie yule.

Saa tisa usiku, chumbani kwangu Nkuhungu,
upepo unachezea bati lililolegea msumari.
Swali la tatu ni la usingizi.
Nakohoa, kwa sauti,
halafu natulia kimya, nasikiliza ukutani.