Ninakodisha Ukavu

Nyuma ya risiti ya unga naandika:
Jumapili. Maporomoko. Watu watano.
Nakata tano, naandika sita,
maana mdogo wangu Mapenzi hakosi penye chakula.
Kwetu Watonga jina hilo maana yake taabu;
mama alimzaa mwaka ng'ombe walipokwisha.
Ukilisikia vingine, hayo ni masikio yako.

Miaka kumi na mmoja niko langoni
nakodisha makoti ya mvua:
buluu ya wakubwa, manjano ya watoto.
Yanarudi yakitiririka. Nayakung'uta, nayaanika,
na kabla hayajakauka yamepata mabega mengine.
"Mama, kule darajani kukoje?" wageni huuliza.
Kunalowesha, nawajibu.
Mwenyewe nimefika mara mbili:
mara moja nikimfuata mtoto wa watu aliyepotea,
mara moja nikilifuata koti lililopeperuka.
Zote mbili sikuinua macho.

Jana usiku tulikaa, jiko la mkaa katikati,
kila mtu na lake.

Lweendo anataka kuruka na kamba kutoka daraja la reli,
mita mia na kumi na moja, kichwa chini.
Nikamtajia bei. Akanyamaza.
Nikamtajia uzito wanaoutaka. Akaongeza sima.

Chipego anautaka upinde wa usiku,
ule wa mwezi mpevu,
"uliopauka," anasema, "kama sare yangu ya shule."
Nikatazama kalenda ya duka la mbolea:
mwezi unapevuka Alhamisi. Alhamisi niko zamu.

Mama mkwe, ambaye bado anapaita Shungu Namutitima,
aliuliza jambo moja tu: choo kiko wapi?

Mapenzi, anayeongoza maboti ya mpira korongoni,
akasema Aprili mto umefura, maboti yamefungwa,
njooni Oktoba niwarushe kwenye mawimbi, nusu bei.
Oktoba! Oktoba upande wetu mwamba hubaki mtupu,
mkavu kama kisigino,
nami hukaa langoni nikihesabu makoti yasiyotoka.
Hapana. Nataka Aprili,
nataka ngurumo ile inayotikisa vikombe vyetu hapa Libuyu
nikaione uso wake.
Nimebadilishana zamu na Mutinta,
Jumapili yake moja kwa mbili zangu.
Amenipunja, najua.

Mume wangu Hamusonde alikuwa hajasema.
Fundi wa mapaa, mtu wa kutembea juu ya bati kama sakafuni,
akasema atatungoja kwenye maegesho, alinde viatu.
Viatu aibe nani?
"Nyani," akasema.
Ni kweli, nyani wa pale hufungua hata zipu.
Lakini namjua. Umri wake wote ameyaziba maji;
hataki kwenda mahali ambapo hakuna pa kuziba.

Basi nikaendelea kuandika:
kiingilio cha wenyeji, nauli kwenda na kurudi,
sima kwenye chombo cha moto, dagaa,
chibwantu galoni moja, fimbo ya nyani,
njia ya bure ya kushukia bondeni, kwenye michikichi,
mpaka pale mto unapozunguka kama chungu jikoni;
mama mkwe na Mapenzi wabaki juu.
Makoti sita. Bosi atanikata nusu.

Hapo kalamu ikasita.
Nikayaona yananing'inia kambani, sita yetu,
na harufu yake ya plastiki na jasho la watu wa mbali,
shingo ambazo sikuwahi kujua majina yake.
Nikayafuta.

"Na ukoo mzima upate homa," akasema Mapenzi.
Watoto walikwishaanza kupiga makofi.

Hamusonde akageuza kaa la moto kwa koleo,
akaligeuza tena, halikuhitaji.
"Umeandika taulo?"
Sijaandika.
"Andika. Ile kubwa."