Mara ya Arobaini na Moja

Nimeiona mara arobaini na moja
kupitia kidirisha kisichozidi ukubwa wa mkate,
mimi, Ceinwen Prosser, mwendesha mashine
wa jumba la sinema ambalo wachimbaji wa bonde letu la Wales
walilijenga kwa senti walizokatwa mishahara.

Basi usinifundishe kwamba ni uongo.
Ukuta wa ngome ni turubai:
mtawala akiuegemea, unapumua.
Mwezi una mshono.
Na anayeruka kutoka roshani siye anayetua,
maana wa kwanza ana kipara.

Lakini Ijumaa, mvua ikilipiga bati,
huingia wanaume wa zamu ya mchana,
wameoga, ila kwenye kope
makaa ya mawe yamebaki kama wanja.
Wanaketi. Wanakohoa.
Safu kwa safu wanakohoa,
kama mbwa wanaoitikiana usiku.
Nami nazima taa.

Tarumbeta. Kisha yeye, Kapteni Loredan,
shati jeupe lisilojua jasho,
anaingia karamuni bila kualikwa,
anachukua paja la bata kwenye sahani ya mtawala,
anatafuna,
anajifuta vidole kwenye pazia,
ndipo anauchomoa upanga alani.

Fyu! Mishumaa saba, pigo moja,
na yote imesimama kama ilivyokuwa.
Mtawala anacheka: umekosa!
Kapteni anavuta pumzi, anapuliza,
na vichwa saba vya nta vinaanguka mezani.

Kaka yangu Idwal alikuwa akicheka kabla,
pale pumzi inapovutwa tu.
Kicheko kimoja, halafu kikohozi kirefu.

Nimeliwaza jambo hili nikiipaka mashine mafuta.
Mwovu wa filamu ana uso.
Ana masharubu, ana hata anwani:
panda ngazi ile, mlango wa kushoto.
Mwenye mgodi wetu hatujapata kumwona.
Ni sahihi chini ya tangazo.
Utamchoma nani upanga? Wino?

Na kule ngazini wanapigana huku wakitaniana!
Pumzi ya kupigana wanayo,
na ya matusi ya adabu inabaki.
Idwal, ambaye vidato kumi na viwili vya nyumbani
alivipanda kwa mapumziko matatu,
aliniuliza, "Ceinwen, hawa wanainunua wapi?"

Halafu lile ambalo ukumbi wote hulingojea kimya:
upanga unamponyoka mtawala,
unaserereka vidatoni, kengele, kengele, kengele,
na Kapteni, badala ya kummaliza,
anaurudisha kwa ncha ya kiatu.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Sisi mwaka ule wa mgomo
tuliponyokwa na kila kitu kwa miezi saba,
na hakuna mguu uliotusukumia chochote.
Tulirudi shimoni kwa ujira pungufu,
tena kwa foleni.

Idwal alikufa Februari.
Filamu ilirudi Aprili, imechakaa, imejaa mikwaruzo.
Nilifunga mlango wa chumba cha mashine,
nikachukua mkasi,
nikakata dhiraa moja ya mkanda,
nikaunganisha ncha kwa gundi.
Sijutii. Kwenye makopo ya mkanda
nimeandika: umepokelewa ukiwa na kasoro.

Kwa hiyo jana mishumaa iliangushwa na hewa tupu.
Hakuna aliyegundua.
Pumzi yenyewe iko kwenye bati la biskuti,
picha ishirini na nne:
mtu amejaza kifua,
hana haraka.

Nilipotoka, mvua ilikuwa bado.
Wavulana wawili walipigana kwa miamvuli
juu ya ngazi za kanisa, wakitukanana kwa heshima kubwa.
Mmoja akaponyokwa na wake topeni.
Nikasimama kutazama.
Mwenzake akafikiri kidogo,
akausukuma kwa ncha ya buti.