Dado la Mninga

Dado hili nililichonga mwenyewe,
kwa mguu wa kiti kilichovunjika karakana ya reli,
mwaka ule sukari ilipokuwa ya foleni.
Nyuso ishirini. Fundi Zuberi alikataa kunisaidia.
"Mwenye nyuso mbili tu tunamwogopa," alisema,
akaniazima tupa, akageuka asione.

Mwalimu wa fizikia alituachia sanduku
kabla hajapanda treni ya Mwanza asirudi.
Ndani mlikuwa na kitabu cha sheria, nusu kimeliwa na mchwa.
Tulijua namna ya kupigana na joka,
hatukujua namna ya kupona;
tulijua bei ya upanga, hatukujua kufa kunahesabiwaje.
Kilicholiwa tukakitunga.
Kisha majoka yakatuchosha, tukahamia angani.

Chombo chetu kinaitwa Igombe,
kwa kuwa bwawa lile ndilo maji makubwa tuliyowahi kuyaona.
Kalunde rubani. Msabila fundi wa injini.
Ntahondi, aliyekuja kutoka Kasulu na begi moja,
akachagua kuwa mashine inayojifunza kulia.
Mimi sikuwa mtu. Nilikuwa kila kitu kingine:
upepo wa Mirihi, mchuuzi mwenye vichwa viwili,
mlango usiofunguka, giza.

Njia tuliijua, ilipita nyuma ya nyumba zetu.
Usoke ikawa sayari ya vumbi jekundu,
Kaliua mwezi wake,
Nguruka kituo kinachoelea, husimami ila umeishiwa mafuta,
na Uvinza, huko, dunia nyeupe ya chumvi
ambako mvua huacha makovu.
Kigoma hatujafika. Miaka thelathini na minane
tunasafiri, na Kigoma bado ni nuru ndogo
pembeni mwa ramani, palipomwagika chai.

Usiku mmoja Mjumbe alikuja na sungusungu wawili.
Kasikia dado.
"Nani kaliwa?"
"Hakuna pesa hapa, Mjumbe."
"Sasa mnapoteza nini?"
Msabila akamjibu, macho kwenye karatasi:
"Oksijeni. Imebaki ya saa sita."
Mjumbe akasimama. Akazidi kusimama.
Kisha akauliza kama hilo tundu haliwezi kuzibwa.
Aliondoka alfajiri;
sungusungu walikuwa wamesinzia mlangoni, pinde mapajani.

Mke wangu husema kuna watu huzeeka
na kuna watu hucheleweshwa, kama treni.
Nimekuwa karani wa mizigo. Nimepunguzwa kazi.
Nimelima tumbaku Urambo, ikanivuta yenyewe mpaka kichungi.
Jumamosi nilikuwa na anga.

Msabila alitutoka mwaka juzi, pale Kitete, figo.
Karatasi yake ninayo.
Nguvu kumi na moja. Bahati nne, alikataa kuiongeza.
Mkobani: spana, kamba, asali nusu lita.
Sikumuua. Sina sheria ya hilo,
ukurasa ule ndio mchwa walioanzia.
Yuko chumba cha injini, nawaambia, anatengeneza.
Kila safari Kalunde huuliza, "Injini inasemaje?"
nami hugonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole,
alivyokuwa akigonga yeye.

Leo umeme umekatika. Koroboi inatosha,
nyota hazijawahi kutudai zaidi.
Kuna mlango mbele yetu, na nyuma yake kitu kinahema.
Ntahondi, kichwa chote mvi, bado mashine,
anasema ataufungua.
Anahitaji kumi na saba.

Dado linaruka, linagonga kikombe,
linaingia chini ya kabati la vyombo,
linabiringika humo gizani, linabiringika,
tunalisikia likitulia.

Hakuna anayeinuka.
Kalunde anavuta birika.
"Liacheni kwanza," anasema.